Mara nane: seva ya kura ya 2013 na karatasi za Khwisero

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tupige historia kidogo.

Ukisikia hifadhidata imeharibika, unafikiria hadisiki iliyokufa. Hiyo ni nafuu, maana unajua kabisa kuna tatizo. Kibaya zaidi ni seva inayoendelea kutoa namba, na namba zenyewe si za kweli. Kenya iliona yote mawili Machi 2013, nchi nzima ikitazama kwenye runinga.

Mfumo ulivyokuwa

Chukua eneo bunge la Khwisero, kusini mwa Kaunti ya Kakamega. Lina wadi nne: Kisa Kaskazini, Kisa Mashariki, Kisa Magharibi na Kisa ya Kati. Tarehe 4 Machi kura zilipohesabiwa, kila kituo kilijaza Fomu 34 kwa matokeo ya urais. Mawakala wa vyama walitia sahihi, na kanuni zilitaka nakala ibandikwe mlangoni. Kisha afisa aliingiza namba zilezile kwenye simu ya mkononi, nazo zikatumwa kwa seva ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Ukumbi wa Bomas, Nairobi, ulionyesha jumla.

Kwa hiyo data ilikuwa na njia mbili: ya mtandao na ya karatasi. Shika hilo, ndilo litakalotuokoa mbele.

Dalili

Siku iliyofuata, kura zilizoharibika kwenye skrini zilipita 300,000, na bado vituo vingi havijaleta matokeo. Kisha mfumo wa kupokea matokeo ukalemewa, na tume ikaamua kuhesabu kwa karatasi. Tarehe 7 Machi tume ilieleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa inazidisha kura zilizoharibika mara nane.

Mtunga programu akisikia "nane" anasimama. Wagombea urais mwaka huo walikuwa wanane! Kuna kosa maarufu linalotoa matokeo ya namna hiyo. Tuseme kituo kimoja cha Kisa Mashariki kina kura 3 zilizoharibika. Jedwali la vituo lina mstari mmoja wa kituo hicho, lakini jedwali la kura za wagombea lina mistari minane. Ukiunganisha majedwali hayo mawili kisha ukajumlisha, ile 3 inahesabiwa kwenye kila mstari, unapata 24. Kura za wagombea zinabaki sawa, safuwima moja tu ndiyo inavimba. Sisemi ndivyo tume ilivyoandika programu yake, ila ukiona jumla imezidi kwa idadi ya mistari ya jedwali jingine, anza kutafuta hapo.

Kwa nini ilikuwa hatari

Katiba inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Matokeo ya tarehe 9 Machi yalikuwa hivi: kura zilizopigwa 12,330,028, Uhuru Kenyatta 6,173,433, zilizoharibika 108,975. Tume ilizihesabu zilizoharibika ndani ya jumla, ikapata asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura 8,419 tu.

Sasa weka 300,000 mahali pa 108,975. Anashuka hadi asilimia 49.3, na nchi inarudi kupiga kura duru ya pili kwa sababu ya safuwima moja. Tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu iliamua kura zilizoharibika zisiingizwe kwenye hesabu hiyo.

Tiba

Namba ya mwisho haikupatikana kwa kugawanya ile ya skrini kwa nane. Maafisa wa maeneo bunge 290, Khwisero likiwamo, walitakiwa kufikisha fomu zao Bomas, na hesabu ikaanza upya kutoka kwenye chanzo. Hiyo ndiyo kanuni: usitengeneze data mbovu kwa kutumia data hiyohiyo mbovu.

Karatasi nayo si malaika. Mahakama iliamuru fomu za vituo vyote 33,400 zichunguzwe, na dosari zilionekana. Tofauti ni kwamba dosari ya karatasi unaweza kuishika mkononi na kuuliza nani alitia sahihi.

Mwaka 2017 Mahakama iliamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, agizo halikutimizwa kikamilifu, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa. Mwaka 2022 tume iliweka picha za Fomu 34A mtandaoni. Mtu wa Khwisero aliweza kulinganisha picha ya kituo chake na karatasi iliyobandikwa mlangoni, hata akiwa Doha.

Basi kabla hujalala leo, jiulize kuhusu mfumo unaoutunza, uwe wa SACCO, zahanati au duka: namba zikivimba usiku, Fomu 34 yako iko wapi? Bekapu inayonakili makosa ya seva kila saa haihesabiki.

Maoni yenu nayasubiri hapo chini.