Umeme wa jua usiotegemea gridi: hesabu ya nyumba, betri na waya

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma hadi Uvira, paneli za jua juu ya mapaa ya bati si jambo la kustaajabisha tena, na wavuvi wa dagaa wengi wameziacha karabai za mafuta ya taa wakashika taa za betri. Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina tangu 2020 gridi ndogo ya jua yenye uwezo wa megawati 1.3, iliyojengwa na kampuni ya Nuru. Lakini familia nyingi za ukanda huu hazitarajii kufikiwa na gridi ya namna hiyo hivi karibuni. Hujinunulia mtambo wao wenyewe, pengine kwa akiba ya msimu mzima wa mavuno, na mtambo huo ukifa kabla ya mwaka kwisha, mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kwanza, katika hesabu.

Hesabu huanza na matumizi

Wanunuzi wengi huuliza kwanza bei ya paneli. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: nyumba inatumia umeme kiasi gani kwa siku? Kila kifaa huzidishwa wati zake kwa saa kinazotumika, na jibu huitwa wati-saa. Tuchukue nyumba yenye taa 4 za wati 5 zinazowaka saa 5 (wati-saa 100), redio ya wati 10 kwa saa 6 (60), televisheni ya wati 30 kwa saa 4 (120), na simu 2 zinazochajiwa kila siku (takriban 40). Jumla ni wati-saa 320.

Sehemu ya umeme hupotea njiani: ndani ya waya, katika betri, kwa joto la paneli na kwa vumbi. Fundi makini hukadiria upotevu wa asilimia 30, hivyo paneli itapaswa kuzalisha wati-saa 460 hivi. Katika majira ya mvua ni salama kuhesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku, ingawa mchana wenyewe una saa 12. Tukigawanya 460 kwa 4 tunapata wati 115. Paneli ya wati 150 itaitosha nyumba hii na kuiachia nafasi kidogo.

Hesabu hiyohiyo huonyesha kisichowezekana. Pasi ya wati 1000 ikitumika saa moja hula mara tatu ya matumizi ya siku nzima ya nyumba hii. Muuzaji anayesema paneli ya wati 150 itaendesha pasi na jiko la umeme hasemi kweli.

Betri ndiyo moyo wa mtambo, na ndiyo inayokufa mapema

Betri za risasi na asidi ni nafuu na hupatikana kila soko, lakini hazipendi kumalizwa. Ikitumika zaidi ya nusu ya chaji yake kila usiku, maisha yake hufupika haraka. Kwa hiyo nyumba yetu, ikitaka kuvuka siku 2 za mawingu, inahitaji wati-saa 640 za kutumia, yaani betri yenye uwezo wa mara mbili: 1280. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampea-saa 107. Betri ya 100 au 120 itafaa. Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma huruhusu kutumia asilimia 80 bila madhara makubwa, kwa hiyo ampea-saa 60 na ushee zingetosha. Bei yake ya mwanzo ni kubwa zaidi, ila huvumilia mizunguko mingi zaidi ya kuchajiwa, na anayeweza kumudu asisite.

Betri ya gari haifai kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutoa kidogokidogo usiku kucha. Uzito nao ni shahidi: betri halisi ya risasi ya ampea-saa 100 huwa karibu kilo 30, na inayobebeka kwa mkono mmoja bila jasho inastahili kutiliwa shaka, hata kama maandishi yake yanang'aa.

Kufunga

Kati ya paneli na betri hukaa kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi wala kumalizwa. Kwa paneli ya wati 150, kidhibiti cha ampea 15 au 20 kinatosha. Utaratibu wa kuunganisha haubadilishwi: kwanza betri, kisha paneli, mwisho taa na vifaa. Wakati wa kufungua, kinyume chake. Kidhibiti kinachopokea umeme wa paneli kabla ya kuona betri kinaweza kuungua.

Waya ndio mahali pa ubahili wa kawaida. Katika volti 12, mkondo ni mkubwa na kila mita ina gharama. Paneli ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri na ikitoa ampea 8, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza zaidi ya volti 1, karibu asilimia 9 ya umeme wote. Wa milimita 6 hupoteza chini ya nusu ya hapo. Karibu na ncha chanya ya betri lazima kuwe na fyuzi. Ya ampea 20 inaitosha nyumba hii. Bila fyuzi, waya zikigusana betri inaweza kutoa mamia ya ampea na kuteketeza nyumba.

Kusini mwa ikweta paneli huelekezwa kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua isafishe vumbi. Kivuli cha tawi moja la mwembe kinaweza kupunguza nguvu za paneli kuliko udogo wake unavyoonyesha. Betri ya risasi iwekwe penye hewa, mbali na moto na mahali watoto wanapolala, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka. Iongezwe maji yaliyotoneshwa, kamwe si ya kisima.

Betri iliyochoka

Betri ya risasi iliyokufa isivunjwe nyumbani. Huko Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani kiliwasumisha wakazi kwa risasi, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza kupinga kiwanda hicho, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Wauzaji wengi wa betri hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Ulizia hilo kabla ya kulipa.