Ada ya Kusahihisha kwa Waandishi wa Mwambao

Watu wengi wa zama zetu, waonapo utendi wa kale uliopigwa chapa kwa hati za Kirumi, beti zake zimehesabiwa na vina vyake vimepangika bila ila, hudhani kwamba kazi ya kusahihisha maandishi ililetwa pwani na mitambo ya chapa, na kwamba waliotangulia waliandika lolote lililowajia wakaliacha vivyo hivyo. Dhana hiyo haiwatendei haki waandishi wa Pate, Siyu, Lamu na Mombasa, ambao walikuwa na ada madhubuti za kupima na kulinganisha maneno yao, ada walizolazimishwa na uhaba wa karatasi na upungufu wa hati waliyoitumia.

Karatasi ililetwa kwa vyombo kutoka ng'ambo, na haikuwa kitu cha kuchezewa kwa majaribio. Mwanafunzi wa chuoni alianza juu ya ubao, akiandika kwa wino unaofutika kwa maji, akamsomea mwalimu wake, akaosha, akaandika tena, hata mkono na ulimi vikapatana; ndipo baadaye akaruhusiwa kugusa waraka. Mtungaji naye aghalabu alizipanga beti zake moyoni kabla hajachovya kalamu, na katika kazi hiyo umbo la utendi lilikuwa msaidizi wake mkubwa, kwa kuwa kila kipande kina mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo hupatana kwa kina kimoja, na cha nne hurejea kwenye kina kinachofululiza toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Ikipungua silabi moja sikio hutambua papo hapo, wala haihitajiki karatasi ya pili kuithibitisha kasoro hiyo.

Shida ya hati ilikuwa kubwa kuliko shida ya karatasi. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani, hazikuwa na alama zake za p wala ch wala v, irabu e na o zilishirikiana alama na i na u, na sauti ya puani iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa; hata neno lililoandikwa kwa be, alifu, be na alifu likaweza kusomwa baba, papa au pamba, na asiyeijua maana ya ubeti akapotea njiani. Kwa sababu hiyo macho peke yake hayakutosha kumhakikishia mtu usahihi wa nakala yake, na ikawa lazima isomwe kwa sauti mbele ya mwenye kuujua utendi. Ada hii iliungana na ile waliyoirithi kutoka kwa wanazuoni wa Kiislamu, ya kuikabilisha nakala na asili yake, mmoja akisoma na mwingine akifuatiza, na kuandika pambizoni neno lililosahauliwa. Siyu, mji uliosifika kwa makatibu wake, ulitoa misahafu ya mkono ambayo mingine imehifadhiwa hata leo.

Tendi zenyewe zina ushahidi wa uangalifu huo. Mtungaji huanza kwa kumhimidi Mola, na mara nyingi huagiza aletewe wino na karatasi; akifika mwisho hutaja jina lake, idadi ya beti na tarehe, kama afanyavyo Mwana Kupona binti Mshamu katika utendi aliomwandikia binti yake mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Wasomaji wengi hulipita jambo hilo kama pambo tu. Lakini hesabu ya beti ni kufuli pia: mnakili aliyeruka ubeti, au mwenye hamu aliyechomeka wake, hesabu itamfichua.

Asiyeweka kufuli hiyo huwaachia wengine kazi yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa bingwa wa shairi la mizani kumi na sita, na mashairi yake yalitembea mjini kwa vinywa vya watu. Baada ya kufa kwake ikawa ni kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, kuyakusanya kutoka kwa waliobaki kuyakumbuka, na diwani haikupigwa chapa ila mwaka 1940, miaka mia kamili tangu kufa kwake mwenyewe. Tunawashukuru waliokusanya, walakini neno ambalo Muyaka angelibadilisha kama angelipata wasaa wa kuketi na mashairi yake, hakuna leo awezaye kulibadilisha kwa niaba yake.

Wala kunakili si kazi ya mkono tu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa mwandiko mzuri mno, naye mwenyewe alikuwa mtungaji. Na katibu aliye mshairi haoni neno legevu akaliacha. Ndiyo sababu nakala za utendi mmoja hukhitilafiana, na mhakiki wa leo hutaabika kujua lipi ni la mwenye kutunga na lipi ni la mwenye kunakili.

Baadaye hati za Kirumi zikaenea, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo ilivipitia vitabu vya shule na kuvipa idhini yake. Tahajia ikatulia, shubha ya baba na papa ikaondoka. Lakini kwa kuwa maandishi sasa yasomeka kwa macho tu, waandishi wengi wameacha kuyasoma kwa sauti, wakadhani kwamba tahajia ikiwa sahihi basi na sentensi imekuwa njema. Wazee walilazimishwa na hati yao kuwa na msikilizaji. Sisi hatulazimishwi na kitu, na kwa hiyo yatupasa kujilazimisha wenyewe: kumsomea mtu tulichoandika kabla ya kukitoa, kukilinganisha na nakala ya kwanza, na kukitia jina na tarehe pale tu tuliporidhika kwamba hakuna neno tunalowaachia wengine walitengeneze.