Mgeni Mkaazi, Mkimbizi na Sheria: Lugha ya Hifadhi nchini Tanzania tangu 1965

Historia ya hifadhi ya wakimbizi nchini Tanzania imezoeleka kusimuliwa katika vipindi viwili: kipindi cha mlango wazi, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na kipindi cha mlango uliofungwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Mgawanyo huo una ukweli wake, lakini unaficha jambo moja. Sheria iliyotumika katika ukarimu wa kipindi cha kwanza na katika ukali ulioufuata, hadi mwaka 1998, ilikuwa ni ile ile. Makala haya yanadai kwamba ukarimu ule ulikaa katika maneno na katika sera, haukukaa katika sheria. Ndiyo maana uliweza kuondolewa pasipo kubadilishwa kifungu hata kimoja.

Sheria yenyewe ilitungwa mwaka 1965, na jina lake lilibeba neno udhibiti, kama ilivyokuwa kwa sheria ya Uganda ya mwaka 1960. Ilimpa Waziri uwezo wa kutangaza kundi la watu kuwa wakimbizi, kuwaamuru wakae katika eneo lililotajwa, na kuwaweka chini ya mkuu wa makazi. Silaha zao zilipaswa kusalimishwa. Hata mifugo na magari waliyovuka nayo mpaka viliwekewa vifungu. Msomaji anayetafuta humo utaratibu wa mtu mmoja mmoja kuomba hifadhi, kusikilizwa na kupewa jibu, hataupata. Sheria hii ilimwona mkimbizi kwanza kama suala la usalama wa mpaka, na kwa nchi iliyozungukwa na vita vya ukombozi na machafuko ya majirani, hofu hiyo haikuwa ya kubuni.

Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, wale wale iliowadhibiti waliitwa kwa jina jingine: wageni wakaazi. Istilahi hiyo ilisikika katika kauli za viongozi, na ilikuwa na heshima ambayo neno mkimbizi halina. Mkimbizi hutajwa kwa kitendo chake cha kukimbia, na masikioni mwa wengi neno hilo lina harufu ya aibu. Mgeni ana mwenyeji, ana mkeka na sahani. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliipata tafsiri ya vitendo ya istilahi hiyo. Katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, familia zilipewa ardhi, takriban hekta 5 kila moja, zikafyeka misitu na baada ya miaka kadhaa zikajitegemea kwa chakula. Methali ya mgeni na jembe la siku ya tatu haijawahi kutekelezwa kwa upana kama huo. Hata neno makazi lilichaguliwa vyema: kambi hukunjwa, makazi hukaliwa. Hata hivyo, mkaazi wa Mishamo aliyetaka kusafiri nje ya makazi alihitaji kibali, na kibali hicho kilitokana na ile sheria ya udhibiti.

Hapa ndipo uchambuzi wa lugha unapogusa haki. Mgeni hupokea fadhila, naye hana madai juu ya mwenyeji wake. Akiambiwa kesho aondoke, hana pa kulalamikia. Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951 na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ana madai: asirudishwe panapohatarisha maisha au uhuru wake, na kurejea kwake kwao kuwe kwa hiari. Mkataba wa Afrika ulikwenda mbali zaidi ya ule wa Geneva, ukawakinga pia wanaokimbia uvamizi na matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma. Kwa hiyo neno lenye aibu ndilo lililokuwa na kinga, na neno lenye heshima halikuwa nayo.

Kwa muda mrefu tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 1979 Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Kinyarwanda zaidi ya 30,000 walifunguliwa mlango wa uraia. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Nishani ya Nansen.

Tofauti ilijitokeza Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja hilo ndani ya saa 24 na kuingia Ngara. Benako haikuitwa makazi, iliitwa kambi. Machi 1995 mpaka na Burundi ulifungwa. Desemba 1996 serikali, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wapo waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na askari na kugeuzwa kuelekea mpakani. Ni kweli kwamba miongoni mwao walikuwamo watuhumiwa wa mauaji ya kimbari, na kwamba Ngara ilikuwa imeelemewa kwa kuni, maji na usalama. Lakini utaratibu wa kumtenga mtuhumiwa na mtoto haukuwapo katika sheria ya 1965.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliondoa udhibiti katika jina lake na kuunda kamati ya taifa ya kuchunguza maombi ya hifadhi. Mtu mmoja mmoja akapata mahali pa kusikilizwa. Hata hivyo, maeneo maalumu na vibali vya kutoka vilibaki, na ardhi ya kulima haikurudi. Jina lilipata upole huku maisha ya kambini yakizidi kubana.

Warundi wa 1972 walisubiri zaidi. Mwaka 2007 waliulizwa wachague, na wengi wao wakachagua uraia. Watu wapatao 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vyao havikuanza kugawiwa hadi Oktoba 2014. Kwa miaka minne hiyo hawakuwa wageni, hawakuwa wakimbizi waziwazi, na mkononi hawakuwa na karatasi ya uraia. Kiswahili hakikuwa na neno la kuwaita.