Samuel Stockton White

Samuel Stockton White (19 Juni 1822 – 30 Desemba 1879) alikuwa mtengenezaji wa meno bandia na vifaa vya tiba ya meno huko Philadelphia, Marekani. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1844 ilikuja kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika fani hiyo. Jina lake limefungamana na meno ya kaure, lakini mchango wake mkubwa zaidi ni kuwapa madaktari wa meno mahali pa kuandikiana na kusomana.

Alizaliwa Hulmeville, katika kaunti ya Bucks, jimboni Pennsylvania. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Alipofika miaka 14 alipelekwa Philadelphia kuwa mwanagenzi wa mjomba wake, Samuel W. Stockton, mmoja wa Wamarekani wa mwanzo kutengeneza meno ya kaure kwa biashara. Kwa mjomba alijifunza kutibu meno na pia kuyatengeneza. Baada ya kuhitimu akaanzisha karakana yake, na haukupita muda mrefu akaacha kabisa kutibu wagonjwa. Uamuzi huo ndio uliomtofautisha na wenzake wengi, ambao waliendelea kuchonga meno ya mgonjwa mmoja mmoja pembeni mwa kiti cha matibabu.

Kabla ya kaure, aliyeng'oka meno na mwenye fedha aliwekewa meno yaliyochongwa kutokana na meno ya kiboko, au meno halisi ya watu waliokwisha kufa. Vyote viwili vilioza mdomoni na kunuka. Kaure haiozi. Ufundi huo uliingia Philadelphia kutoka Ufaransa mwaka 1817, ila meno ya awali yalikuwa meupe kama chokaa, na mtu alipocheka ilijulikana mara moja kuwa yale si yake. White aliweka nguvu zake hapo. Felspa, silika na udongo mweupe wa kaolini vilisagwa hadi vikawa unga laini, vikachanganywa na oksidi za metali ili kupata rangi, vikakandwa na kushindiliwa ndani ya kalibu za shaba nyeupe. Kila jino liliwekewa vijiti vya platini vya kulishikiza kwenye bamba la meno. Ilitumika platini kwa sababu inastahimili moto mkali wa tanuri bila kuyeyuka. Shina la jino lilitiwa rangi iliyokolea kidogo na ncha ikaachwa ipenyeze mwanga, kama lilivyo jino la mtu aliye hai. Kwa kuwa kalibu zilitoa maumbo na rangi za aina nyingi, daktari aliye mbali na mji aliweza kuagiza jino linalolingana na mengine ya mgonjwa wake badala ya kulichonga mwenyewe.

Biashara ilikua akiwa na wabia, wakiwemo Asahel Jones na John R. McCurdy, ikafungua matawi New York, Boston na Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 White alibaki mmiliki peke yake.

Mwaka 1859 lilianza kuchapishwa jarida la Dental Cosmos, chini ya kampuni hiyo. Mtu angetarajia jarida la mfanyabiashara liwe la kusifia bidhaa zake tu. Matangazo yalikuwamo kweli, lakini kurasa zake zilibeba mijadala ya vyama vya madaktari, taarifa za wagonjwa na tafiti nzito. Ndimo G. V. Black, anayehesabiwa kuwa baba wa uzibaji wa meno wa kisasa, alimochapisha mwaka 1891 kazi yake kuhusu kingo za enameli. Katika zama ambazo mafundi wengi walificha siri zao hata kwa wanagenzi, jarida hilo lilikuwa shule kwa waliokuwa mbali na vyuo. Ndugu yake White, James, alilihariri kwa miaka mingi. Lilidumu hadi 1936, kisha likaunganishwa na jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani.

Kampuni iliuza pia viti vya wagonjwa na keekee za kuendeshwa kwa kanyagio kama la cherehani, zilizofuata uvumbuzi wa James Morrison wa mwaka 1871. George Green, fundi aliyehusiana na kampuni hiyo, alipewa hataza ya keekee ya umeme mwaka 1875.

Fedha za meno ziligusa hata historia ya simu. Kuanzia mwaka 1874 White alimgharimia mvumbuzi Elisha Gray, aliyekuwa akitafuta njia ya kupitisha ujumbe mwingi wa telegrafu kwa wakati mmoja kwenye waya mmoja. Gray alipovutwa na wazo la kusafirisha sauti ya mtu, White alimsukuma abaki kwenye telegrafu, ambako aliona faida ya wazi. Tarehe 14 Februari 1876 Gray aliwasilisha taarifa ya uvumbuzi wake wa simu Washington, siku ileile yalipofikishwa maombi ya Alexander Graham Bell. Hataza ikaenda kwa Bell. Kumlaumu White kwa hilo si haki: telegrafu ndiyo iliyokuwa ikilipa wakati ule, na wataalamu wengi wa telegrafu waliona hivyohivyo.

White alifariki akiwa Paris. Mwaka 1881 biashara ikasajiliwa kama S. S. White Dental Manufacturing Company, James akiwa rais wake wa kwanza, na kiwanda kikubwa kikaendeshwa Staten Island, New York. Mtoto wa James, J. William White, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, na anaonekana kwenye mchoro wa Thomas Eakins wa kliniki ya Agnew wa mwaka 1889. Mjukuu wa mwanzilishi, Samuel Stockton White wa tatu, alikuwa mtunisha misuli ambaye Auguste Rodin alimtumia kama kielelezo cha sanamu ya mwanariadha. Mkusanyo wake wa sanaa uko katika jumba la makumbusho la Philadelphia. Katika miaka ya 1960 kampuni ilinunuliwa na kampuni ya kemikali ya Pennsylvania na baadaye ikagawanyika. Jina SS White bado linatumika kwenye ncha za keekee za madaktari wa meno, na pia kwenye nyaya zinazopindika za kuzungushia mitambo, bidhaa iliyotokana na keekee zile za kanyagio.