Storm, Tororo na kurasa za mwisho za toleo la 100

Mwaka 2025 Storm alitimiza miaka 50. Huyu ni yule mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamrisha mvua, upepo na radi katika vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimtoa mwaka 1975, katika toleo maalumu lililowafufua mashujaa wa X-Men, na humo anakutwa Kenya, watu wakimwabudu kwa sababu ya mvua anayowaletea. Jina lake halisi ni Ororo Munroe. Mama yake ni Mkenya, baba yake ni Mmarekani mwenye kamera. Hapa Busia, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, jubilei hiyo imepita kimya kimya.

Ingekuwa haki watu wa Tororo, upande wa Uganda, nao waiadhimishe. Vitabu vya rekodi vimeutaja mji huo kwa miaka mingi: kati ya 1967 na 1976, ngurumo zilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Yaani Wein na Cockrum walipokuwa New York wakibuni malkia wa radi wa Afrika Mashariki, mji wenye radi kuliko karibu mji mwingine wowote duniani ulikuwa ukizihesabu radi zake chini ya ule mwamba wake maarufu. Hakuna uchawi. Jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu inavutwa kutoka ziwani, inapanda, inakutana na miinuko ya Mlima Elgon, na kufikia alasiri wauzaji wa sokoni wanaanza kufunika bidhaa kwa maturubai.

Aliyenifungulia macho ni mwalimu mstaafu wa jiografia wa Tororo, ambaye hataki jina lake lichapishwe kwa kuwa wajukuu wanamcheka vya kutosha. Ana nakala moja ya Marvel Team-Up namba 100, ya Desemba 1980, aliyoinunua kwenye vitabu vya mtumba. Jalada halipo. Pini zimeota kutu, na karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Toleo lenyewe ni la Spider-Man. Hadithi kubwa imeandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Frank Miller, na ndiyo inayokumbukwa, kwani ndimo alimozaliwa Karma, msichana wa Kivietinamu anayeziteka akili za watu. Mwalimu huziruka kurasa zote hizo. Anakwenda nyuma kabisa, kwenye hadithi fupi ya nyongeza, ile ambayo wachapishaji huitumia kujazia kurasa. Nayo ni ya Claremont, safari hii akiwa na mchoraji John Byrne, na wahusika wake wawili ni Storm na T'Challa, mfalme wa Wakanda aitwaye Black Panther. Wakati huo T'Challa hakuwa hata na jarida lake. Lililokuwepo lilikuwa limefungwa mwaka 1979.

Hadithi inaanzia Marekani, wawili hao wakiwa watu wazima wanaowindwa na adui mmoja, kisha inarudi nyuma hadi Afrika. Ororo ana miaka 12. Ametoka Cairo, alikokuwa yatima na mwizi wa mifukoni, akitembea kuelekea kusini. Njiani anamkuta kijana T'Challa akishambuliwa na majambazi wa Kizungu wanaoongozwa na Andreas de Ruyter kutoka Afrika Kusini, wanaotaka kumteka mwana wa mfalme. Msichana anauita upepo. Majambazi wanatawanyika. Wawili hao wanakuwa pamoja kwa muda mfupi, kisha kijana anakwenda kwenye wajibu wake wa kifalme na msichana anaendelea na safari.

Kwa mwalimu, jambo kuu ni nani alimwokoa nani. Anaweka kidole kwenye picha ile ya upepo na kukiacha hapo. Mtoto wa mitaani, wa kike, ndiye aliyemwokoa mtoto wa ikulu, na yeye husema katika miaka yake yote darasani hakupata kitabu cha kiada chenye picha kama hiyo. Nami nimeambukizwa msimamo wake, sitaficha.

Tena anaongeza suala la njia. Mtu anayetoka Cairo kwa miguu kwenda Serengeti, alikokuwa akielekea Ororo, akiufuata Mto Nile kama mtu mwenye akili, atafika Jinja, na kutoka Jinja njia ya kuingia Kenya ni Busia au Malaba. Waandishi hawakujisumbua na ramani. Walimpeleka binti hadi kijiji cha Kenya chini ya Kilimanjaro, mlima ambao, kama kila mtoto wa darasa la nne anavyojua, uko Tanzania.

Ugomvi ulizuka robo karne baadaye. Mwaka 2006 Marvel iliamua kuwaoza wawili hao, na harusi ikachapishwa katika Black Panther namba 18, kwa kalamu ya Reginald Hudlin. Ushahidi wa mapenzi yao ya zamani ulikuwa nini? Kurasa zile chache za mwaka 1980. Wahariri wenyewe waliona posa haisimami juu ya mkutano wa kupita wa mtoto wa miaka 12, basi mwandishi wa riwaya Eric Jerome Dickey akapewa matoleo sita ya kuandika upya. Ororo akaongezewa umri, de Ruyter akapewa ndugu, na penzi likakolezwa. Uokozi ulibaki, lakini sasa umezungukwa na mabusu. Wasomaji waligawanyika: wako walioshangilia wafalme wawili weusi kuungana, wako waliosema wameunganishwa kwa rangi yao tu. Mwalimu yuko upande wa pili, na kwa hasira. Kwake, ile ya 1980 ilitosha kwa sababu walikutana, wakasaidiana, wakaachana. Ndoa yenyewe ilibatilishwa mwaka 2012.

Yaliyofuata ni machache. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilioneshwa Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, binti wa huko, na watu wa Busia waliokuwa na nauli walikwenda. Storm hakuwemo. Mwezi huohuo Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifika Busia kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, na hilo ndilo lililojaza kurasa za magazeti yetu.

Kwangu kinachoudhi zaidi ni sisi wenyewe. Sikuona Tororo kibao hata kimoja kinachomwambia mgeni kuwa amefika katika mji wa ngurumo, na vitabu vya mtumba vya Busia vinapimwa kama karatasi ya kufungia. Oktoba 2024 Storm alipata jarida lake tena, safari hii kwa kalamu ya Mwafrika, Murewa Ayodele wa Nigeria. Makao yake humo ni Atlanta. Mwalimu ameagiza nakala yake kupitia jamaa aliyeko Nairobi, naye ameahidi kuituma kwa basi.