Uchache na Hali ya Sarafu

Lamadi ni mji wa kando ya Ziwa Victoria, katika njia itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti. Huko, kama mahali pengi nchini, husikika mara kwa mara uvumi kwamba yuko tajiri anunuaye rupia za Mjerumani kwa mamilioni ya shilingi. Mzee mmoja jirani yetu alipousikia, alitoa kopo lake la sarafu, akazisugua kwa mchanga na limau hata zikang'aa, kisha akaniita. "Mjukuu wangu," alisema, "wewe umesoma. Nitazamie mali hii." Ndani mlikuwa na rupia moja ya fedha na senti kumi kumi za tundu, zilizotungwa katika uzi tangu siku za mauzo ya pamba. Ilinipasa kumweleza neno chungu, nalo ndilo nilielezalo hapa.

Kwanza, umri peke yake hauipi sarafu thamani. Ziko sarafu za shaba za Warumi, zenye miaka elfu moja na mia sita na zaidi, ambazo huuzwa Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana, kwa kuwa zimefukuliwa kwa maelfu. Mnunuzi hauliza tu sarafu ina miaka mingapi. Huuliza zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na ni watu wangapi wazitakao.

Tabora yatupa mfano wa uchache. Katika vita vya 1914 hadi 1918 manowari za Waingereza ziliizuia pwani, na sarafu za kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Basi mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe huko Tabora. Heller 20 za shaba zilipigwa zaidi ya milioni moja. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, nazo zilikuwa 16,198 tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji, na kazi ikaishia hapo. Leo heller ile hupatikana kwa bei ndogo. Tembo wa dhahabu huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Vita vile vile vilizaa sarafu zote mbili, lakini hesabu ilizitenga.

Hata hivyo, jina kubwa laweza kumdanganya mtu asiyefuata hesabu. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla sarafu za sura yake hazijatolewa kwa umma nchini mwake. Chache zilizopigwa kwa majaribio ni adimu mno: mwaka 2020 moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni moja. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika ya Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme. Ziliandikwa jina lake tu, zikapigwa kwa mamilioni. Senti moja katika uzi wa mzee ilikuwa na jina hilo. Mfalme ni yule yule, lakini senti ile haifiki hata bei ya kilo ya sukari.

Sasa twaja kwenye hali. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha daraja 1 hadi 70, ambacho wakusanyaji wangali wakikifuata. Shilingi ya Tanzania ya 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere, si adimu. Lakini iliyopita sokoni miaka mingi imelika, na ile isiyopata kuguswa ni shida kuipata. Kwa hiyo uchache una ngazi mbili: wa sarafu yenyewe, na wa sarafu iliyo nzima. Mchanga wa mzee ulikuwa umeikwangua rupia yake, ukaondoa rangi ambayo fedha huivaa polepole kwa miaka. Mng'ao alioutafuta ndio uliompunguzia bei, na hauna dawa.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Basi hazina maana?" Swali hilo limenikalia moyoni, maana bei ya mkusanyaji siyo kipimo pekee. Mkusanyaji huikataa rupia iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni. Mwanahistoria huuliza ni nani aliyeitoboa, na kwa harusi gani. Senti iliyolika yashuhudia kwamba ilinunua chumvi, ikalipa kodi, ikarudi kwa bei ya pamba. Nilimwomba asizisugue tena, wala asimpe fedha yeyote ajaye na ahadi ya kumtafutia mnunuzi, kisha anisimulie kila moja aliipata wapi. Alianza na uzi wa senti, na jua lilikuchwa hatujafika kwenye rupia.