Baba wa Nyumba na Simu ya Mtoto

Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki kukagua sharika za Saxony, akahuzunika. Wakristo wengi hawakujua Amri Kumi wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimo Ndogo. Sehemu za kwanza zilichapishwa kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani, na kazi ya kuzifundisha alipewa baba wa nyumba.

Wakati huo mitambo ya kuchapisha ilikuwa bado kitu kipya. Kwa mitambo hiyo Agano Jipya la Kijerumani lilitoka mwaka 1522. Kwa mitambo hiyohiyo zilienea picha za matusi, na mwaka 1543 maandishi ya chuki ya Luther mwenyewe dhidi ya Wayahudi. Chombo kilibeba neno la uzima, kikabeba na sumu, hata yetu. Katekisimo haikumwambia mzazi akimbie vitabu. Ilimtaka aketi na watoto, na kila baada ya amri awaulize maana yake.

Kwetu Tanzania, intaneti ilianza kuingia katika miaka ya 1990, ikaongezeka kasi baada ya mkongo wa chini ya bahari kufika Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto. Lakini sheria haiketi sebuleni. Hata umri wa miaka 13 unaotakiwa na mitandao mingi ya kijamii unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa za watoto. Haukuwekwa kwa kupima ukomavu wa mtoto wako.

Binti mmoja wa darasa la kipaimara alinieleza kwamba mtu asiyemfahamu alimdai picha kwa miezi kadhaa, huku akimtisha. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akajibu, "Angeninyang'anya simu na kunichapa." Mtu yule alikuwa amejificha nyuma ya fimbo yetu wazazi.

Basi, mzazi au mlezi, keti na mtoto wako na umuulize: Huyu unayeongea naye ni nani? Umemjuaje? Kwa nini anataka iwe siri? Tena mwahidi mapema, kabla ya shida, kwamba akikuambia hutamchapa; kisha utimize ahadi. Hatari ikitokea, usifute ujumbe, kwa kuwa ni ushahidi. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Luther aliamini kwamba mafundisho ya imani huanzia nyumbani. Ulinzi wa mtoto nao huanzia hapo. Yule binti hakupaswa kusubiri darasa la kipaimara ndipo apate mtu wa kumwambia.